Mauaji Kwenye Nyasi za Plastiki

Syahuka alilala kifudifudi nyuma ya goli la kaskazini, kisogo kimepasuka. Mpira wa kumwagilia ulikuwa bado unatoa maji kando yake, na maji yalikuwa yamemzunguka pande zote. Nyasi zilizokuwa chini yake zilikuwa kijani, nzuri kupita kiasi, kwa sababu hazikuwa nyasi. Zilikuwa plastiki.

Inspekta Benon Masereka aliomba mtu akafunge maji. Watu walitazamana. Aliyejua koki ilipo alikuwa ni huyo huyo aliyelala.

Masereka alikuwa ametolewa Kasese asubuhi hiyo kabla ya chai, akaletwa Bwera, mji mdogo wa mpakani, na gari la polisi lisilo na kioo upande mmoja. Alikuwa amechoka, na hakuchoshwa na safari. Likizo yake ilikuwa imeahirishwa tena. Goti lake, lililoharibika enzi alizokuwa beki wa kushoto wa timu ya polisi, lilikuwa linauma hata akiwa amekaa. Na sasa kulikuwa na maiti ya mzee ambaye kazi yake yote duniani ilikuwa kutunza uwanja wa mpira.

Msaidizi wake, Koplo Sylivia, alifunga utepe, akapiga picha, akapima. Binti huyo alitoka mashariki ya nchi na hakujua Kikonzo, lugha ya watu wa pale, kwa hiyo kila neno la upelelezi lilisemwa kwa Kiswahili, kila mtu na Kiswahili chake.

"Afande, hii hapa." Alionyesha mdomo wa chuma wa mpira ule wa maji. Ulikuwa mzito na mrefu, wa kushikwa kwa mikono miwili. Ulitosha kuua. Lakini maji yalikuwa yameuosha vizuri, alama za vidole hakuna, damu hakuna.

"Na hivi?" Masereka alichuchumaa kwa taabu. Juu ya maji kulielea vipande vidogo vyeupe.

"Rangi ya mistari, afande."

Masereka alikubali. Alipoinuka, viatu vyake vilikuwa vimejaa punje nyeusi, zile za mpira uliosagwa ambazo humwagwa katikati ya nyasi bandia ili zisimame. Alizikung'uta, zikaingia soksini.

Mji mzima ulikuwa na maneno juu ya uwanja ule, na wote walitaka kumwambia Inspekta. Zamani palikuwa na nyasi za kawaida. Syahuka alizifyeka kwa mkono, mbuzi walimsaidia bila kuombwa, na akina mama walianika muhogo nyuma ya magoli siku ambazo hapakuwa na mechi. Kisha wafadhili wakaleta kapeti, uzio na kufuli. Syahuka alipewa ufunguo, akabaki na fyekeo lisilo na cha kufyeka.

Kocha Nobert aliitetea kapeti kama mtu anayemtetea mkwewe. Alisema zamani mvua ikinyesha timu inacheza matopeni, mpira haudundi, wachezaji wanavunjika vifundo. Sasa watacheza mwaka mzima. Wachezaji wenyewe walisema jua la Kasese likishaiva, kapeti inaunguza nyayo mpaka ndani ya kiatu, ndiyo maana Syahuka alikuwa ameamriwa kuimwagia maji mapema kila kunapokaribia mechi. Na mechi ya ufunguzi, yenye wageni wakubwa, ilikuwa wiki hiyo hiyo.

Masereka alisikiliza pande zote mbili. Yeye moyoni alizitaka nyasi, lakini nyasi ndizo zilizomharibu goti.

Mtuhumiwa alipatikana kabla ya saa sita, na hiyo peke yake ilimtia Masereka mashaka. Alikuwa Jean-Bosco, kijana aliyekimbia vita vya upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, anauza vitenge sokoni, na ndiye golikipa wa timu. Ndiye aliyeiona maiti akapiga kelele. Jezi yake ilikuwa na damu ubavuni. Na siku chache nyuma, mbele ya timu nzima, alikuwa amemwambia Syahuka kwamba atafia juu ya kapeti yake.

Walimweka kitini, Masereka upande huu wa meza, Sylivia akiandika.

"Damu hii ya nani?"

"Ni ya kwangu, afande. Kapeti ile inakula mutu. Mi niko kipa, naruka kila siku. Angalia."

Alipandisha jezi. Ubavu na nyonga vilikuwa vimechubuka mpaka nyama nyekundu, kidonda juu ya kidonda.

"Ulimwambia mzee atakufa."

"Nilisema vile, ndiyo. Nilikasirikaka. Nilimwambia amwage maji mingi kapeti ilainike, yeye akasema maji ni ya siku ya match tu. Lakini kuua mutu? Juu ya majani ya plastiki?"

"Asubuhi ulifuata nini uwanjani?"

"Mazoezi. Asubuhi kapeti iko baridi. Nilikuta mulango wazi, muzee iko mu maji. Nikalia."

"Ulimwona mtu mwingine?"

"Sikuona mutu."

Sampuli ya damu ilipelekwa maabara Kampala, ambako sampuli huwa hazina haraka. Daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti alisema pigo lilikuwa moja, kutoka nyuma na juu, na Syahuka alikuwa ameinama alipopigwa. Hakukuwa na dalili ya kupigana. Masereka alijiuliza mzee anainamia nini alfajiri kwenye nyasi ambazo hazioti.

Siku ya tatu, Masereka alipotoka kuukagua tena uwanja, mkubwa wake alipiga simu kutoka Kasese. Alitaka kesi iishe kabla ya ufunguzi. Kuna damu, kuna vitisho, kuna mtu aliyekuwa pale, Masereka anangoja malaika ashuke? Masereka alisema damu haijapimwa. Akaambiwa kijana apelekwe mahakamani Kasese kesho yake, ashitakiwe kwa mauaji, mengine yatafuata.

Hapo ndipo uchovu ulipomzidi Masereka. Alijua yanayofuata. Mkimbizi asiye na wakili, asiye na ndugu, akishaandikwa mauaji hukaa rumande mpaka ndevu zake ziote mvi. Nje ya kituo vijana walikuwa wameshaanza kukusanyika wakisema Wakongo warudishwe kwao. Wiki iliyopita hao hao walikuwa wanamshangilia akidaka penalti.

Mchana huo Sylivia alikuwa ametoka kula, na Masereka alikuwa peke yake kaunta, Jean-Bosco akiwa nyuma ya nondo za mahabusu hatua chache tu. Mama Kabugho akaingia na bakuli lililofungwa kwa kitambaa.

Alikuwa mjane wa makamo, nyumba yake imepakana na uzio wa uwanja. Tangu kijana alipofungwa, ni yeye aliyemletea chakula. Polisi hawalishi mahabusu vya kutosha, ndugu ndio huleta, na Jean-Bosco hakuwa na ndugu. Kituo kizima kilimsifu mama huyo. Masereka naye alimsifu, kwa sababu alikuwa amechoka kuona watu wabaya.

Utaratibu ulikuwa mmoja kwa wote: mleta chakula anaonja kwanza mbele ya askari, isije ikawa sumu. Kabugho alifungua kitambaa. Ndani kulikuwa na obundu, ugali wa muhogo, na kisamvu kidogo. Akamega, akala. Kisha, kwa heshima ya kwao, akamega tonge jingine akampa Inspekta. Mtu wa Kasese hakatai obundu mkononi mwa mama. Masereka alipokea, akatafuna.

Kitu kilidunda kwenye meno yake.

Hakikuwa jiwe. Jiwe lingelia. Alikitoa kwa ncha ya kidole, akakitazama dirishani. Kilikuwa cheusi, kidogo. Alitazama bakuli tena. Kulikuwa na vingine, vichache, vimetawanyika katika ule weupe.

"Mama, muhogo huu unauanika wapi?"

"Nyumbani, mwana wangu. Juu ya mwamba."

"Mwamba upi?"

"Ile ya nyuma ya jiko."

Masereka alivua kiatu. Kabugho alimwangalia bila kuelewa. Inspekta aligeuza soksi, akatoa punje nyeusi, akaiweka juu ya kaunta kando ya ile iliyotoka kinywani. Akawasha kiberiti. Punje ya kwanza iliungua kwa moshi mweusi. Ya pili vilevile. Chumba chote kikanuka tairi.

"Afande," Jean-Bosco alisema kutoka nyuma ya nondo, "mu chakula ya mama iko hivyo kila siku. Mi natemaka tu. Chakula ya bure, nitasema nini?"

Ndipo Masereka alipokumbuka vile vipande vyeupe juu ya maji, akajilaumu. Mistari ya kapeti haipakwi rangi. Imefumwa humo humo kiwandani. Aliona vipande vya muhogo kwa macho yake mawili, akaandika rangi, kwa sababu alitaka kurudi nyumbani.

Sylivia alirudi. Masereka alimwambia achukue kalamu. Akamletea Kabugho kiti, akamweleza kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa.

Kabugho alikaa. Alikunja kile kitambaa magotini, akakikunjua, akakikunja tena.

"Syahuka alikuwa mtu mzuri," alisema.

"Najua, mama."

"Wengine wote walikatazwa kuingia. Mimi alinifungulia. Mvua ilibomoa shamba yangu ya mlimani, yote ilishuka na mawe. Muhogo niliokota kwa matope ni ile tu. Niko na wajukuu wanne, mama yao alikufa. Syahuka akasema leta, anika nyuma ya goli, hii kapeti inakausha haraka kushinda mwamba. Na kweli, jua ikitoka inawaka kama kikaango. Ilikuwa karibu kukauka kabisa."

"Siku ile ikawaje?"

"Nilikuja asubuhi kugeuza. Nikakuta maji. Anamwaga maji juu ya kapeti yote, na muhogo yangu inaelea. Nilipiga kelele. Alisema aliniambia jana niitoe, kwamba ni amri, wageni wanakuja. Mimi sikusikia kuambiwa. Pengine alimwambia mtoto. Aliweka mpira chini, akainama, akaanza kukokota muhogo kwa mikono."

Alikikunjua tena kitambaa. Sylivia aliacha kuandika akamngoja.

"Nilifikiri anaitupa," Kabugho alisema. "Nilifikiri anaisukuma nje kama takataka. Nikachukua ile chuma. Alipoanguka ndiyo nikaona kikapu yangu mbele yake. Alikuwa ameshaweka nusu. Alikuwa ananiokotea."

Jean-Bosco alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili. Nje vijana waliendelea kubishana juu ya Wakongo.

"Ukafanya nini?"

"Nikajaza kikapu, nikaenda. Maji sikuweza kufunga."

"Huyu kijana ulikuwa unamletea chakula kwa nini?"

"Alikuwa amefungwa mahali pangu, afande. Ningemwacha na njaa pia?"

"Kesho angepelekwa Kasese. Angeshitakiwa kwa mauaji. Ulijua hilo?"

"Nilijua." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Kila siku nilisema leo nitasema. Lakini nilitaka kwanza muhogo ikauke tena, niitwange yote, watoto wabaki na unga. Nikiingia humu, nani atawalisha? Nilisema huyu ni kijana, anaweza kungoja kidogo. Nilifanya vibaya. Mwana wangu, unisamehe."

Maneno hayo ya mwisho aliyaelekeza kwenye nondo. Jean-Bosco aligeuka akautazama ukuta.

Masereka hakuhisi ile furaha ambayo watu hudhani mpelelezi huihisi. Alimhurumia Kabugho, akamkasirikia, akajikasirikia mwenyewe, na juu ya yote alitaka kulala. Alinyoosha mkono kuziokota zile punje mbili zilizoungua, ziwekwe kwenye bahasha ya vielelezo.

"Hizo nyeusi ni nini?" Kabugho aliuliza. "Mimi nilidhani ni masizi. Macho yangu haioni vizuri, na chekeche yangu imetoboka."

"Ni matairi, mama. Matairi ya magari yaliyosagwa. Wanayaweka kwenye kapeti."

"Iko ndani ya unga yote?"

Masereka alitamani kusema hapana.

"Muhogo wote ulioanika pale, mama. Ndiyo."

Kabugho aliangalia bakuli. Aliangalia muda mrefu, midomo ikitembea bila sauti, kama anayehesabu gunia kichwani na kuona linapungua mpaka linakwisha.

"Basi nilimuua Syahuka," alisema polepole, "juu ya chakula ambayo watoto haiwezi kula."

Sylivia aliandika hivyo hivyo. Masereka alimwambia amfungulie kijana, ampigie mkubwa simu Kasese, na amkalishe mama mahali penye hewa. Yeye alivaa kiatu bila soksi na kuuliza watoto wako wapi sasa hivi.

"Nyumbani," Kabugho alisema. "Nimewaachia obundu juu ya jiko."

Walikuwa wameshaila siku zote hizo, na Masereka alilijua hilo. Alitoka hata hivyo, akichechemea, akapita katikati ya wale vijana bila kuwajibu, akielekea kwenye nyumba ya uziani kabla watoto hawajapakua.