Mtazamaji wa Kumi

Sebuleni kwa Capitoline, pale mtaani Nsemulwa, Jumapili ile walikaa watu tisa, na maoni yaliyotolewa yalikuwa kumi.

Mwenyewe hakuligundua hilo papo hapo. Alikuwa akimenya karanga kwenye ungo, akili yake bado iko kwenye tamthilia iliyokuwa imeisha muda huo huo. Iliitwa Kila Nyumba na Lake, ikirushwa kila Jumapili saa kumi jioni, na kama hukuwahi kuitazama, hukukosa raha yoyote. Kila wiki watu wapya, kisa kipya, giza lile lile, na mwisho lazima mtu aumie. Capitoline, fundi cherehani, mjane, mtu wa kuongea kwa sauti kubwa hata akiwa peke yake, aliipenda kupita kiasi. Na alichokipenda hasa ni kile kilichofuata. Ikiisha anazima runinga, anasema, "Haya, maoni," na majirani wanaanza kuhukumu.

Mambo ya kuhukumu aliyarithi. Baba yake, kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, alikuwa mushingantahe, ndivyo Warundi wanavyomwita mtu anayeaminiwa kusikiliza mashauri ya majirani, na fimbo aliyokuwa akiigonga chini kabla ya kusema ilikuwa bado imesimama nyuma ya mlango wa binti yake. Ila kwa mzee yule, anayemlaumu mwenzake alisimama, akataja jina lake na la baba yake, na anayelaumiwa alisikilizwa kabla ya hukumu. Kwa Capitoline watu walihukumu wamekaa, karanga mdomoni, macho kwenye simu. Ni tamthilia tu, alijiambia, watu wenyewe si wa kweli.

Siku ile kisa kilikuwa cha mwanamume aliyemdhulumu ndugu yake shamba, akaamka asubuhi moja hasikii kitu.

"Mi naona wamemwonea," alisema Gaspar, katekista, ambaye hakupenda mtu aadhibiwe kabla yeye hajamhubiria.

"Kastahili," ilisema sauti kutoka pembeni, kwenye rundo la vitambaa.

Ilikuwa sauti ya kawaida tu, ya mtu mzima aliyeshiba. "Kastahili kabisa," akadakia Scolastica, jirani wa nyumba ya pili. Wengine nao wakasema kastahili, na aliyesema kwa nguvu kuliko wote ni Amosi, mwenye shamba kule Ilembo, huku akijipiga paja.

Wageni walipoondoka, Capitoline alikusanya vikombe. Kando ya rundo la vitambaa palikuwa na kigoda chenye mto ambacho hakukumbuka kukiweka pale, na hewa ya pembe ile ilinuka mkaa uliozimwa kwa maji, ilhali siku hiyo alipikia gesi. Akahesabu waliokuja, akahesabu waliosema. Akahesabu tena, kisha akaenda kuosha vyombo kwa haraka kuliko ilivyohitajika.

Jumanne Amosi aliamka hasikii. Mkewe alimwita, akampigia sufuria sikioni, wapi. Watu wa mtaa walinong'ona kwamba Amosi alikuwa na ugomvi wa mpaka na kaka yake. Capitoline alisema ni homa imempanda kichwani. Alisema hivyo kwa watu wanne, akitumaini mmoja wao atamwamini ili na yeye apate kuamini.

Jumapili ya pili kisa kilikuwa cha mwanamke mbeba maneno, aliyetoa habari za nyumba hii kuzipeleka ile mpaka ndoa mbili zikavunjika, na mwisho sauti yake ikakauka. Runinga ikazimwa. Harufu ya mkaa uliolowa ikatangulia, na kabla Capitoline hajasema "haya," sauti ile ikasema, "Kastahili." Safari hii alikuwa akiwatazama watu usoni, na akaona jambo lililomfanya aache karanga zimwagike. Midomo yao ilifunguka pamoja, kama ya watoto darasani, wakaitikia, "Kastahili," na Scolastica akiwa katikati yao akicheka.

Alhamisi Scolastica alifungua mdomo kuuliza bei ya dagaa sokoni, hakikutoka kitu. Mtu mwingine akipotewa na sauti ni ugonjwa. Scolastica akipotewa na sauti mtaa mzima unajua kuna mkono wa mtu, au wa kisicho mtu.

Gaspar alikuja na rozari na maji ya baraka. Alisali sebuleni kirefu, mchana kweupe, milango wazi, Capitoline na binti yake Emelyne wamepiga magoti. Alipomaliza sala ya kwanza wakaitikia "Amina," wao wawili, na baada yao, kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayejifunza wimbo, kule kwenye rundo la vitambaa kikaitikia kitu cha tatu, "Amina," kwa sauti ile ile ya kushiba, na Gaspar aliyekuwa amefumba macho akayafumbua polepole, akakitazama kigoda kitupu, akaona kimebonyea katikati ya mto wake, namna mto unavyobonyea mtu anapoukalia.

"Mama Emelyne," alinong'ona, "uza hiyo runinga."

"Nimeshona sare za shule miaka miwili kuipata. Niiuze kwa sababu ya mdoezi?"

"Hilo ni jini."

"Jini au nani, hajakaribishwa."

Capitoline angeweza kuacha kuiwasha, basi. Aliazimia hivyo kweli. Kilichombadilisha ni tangazo la kisa cha Jumapili inayofuata, lililopita kwenye runinga wakati wa taarifa ya habari. Lilionyesha msichana akitoka nyumbani mbio, ameacha mtoto mchanga kitandani. Kisha msichana huyo huyo akiingia ziwani taratibu, maji yakimfika kifuani.

Emelyne alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. Beseni likaanguka.

Mtoto wa Emelyne, Jean Bosco, alikufa masika yaliyopita akiwa na miezi mitatu. Alifia kitandani, peke yake. Mtaa mzima ulijua kwamba binti alimwacha akaondoka kwenye bodaboda, na mtaa ukajaza wenyewe kilichobaki. Baba wa mtoto alirudi kwao Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akakata simu. Emelyne hakujitetea, na mama yake hakumuuliza. Alimfulia, alimpikia, alimlaza kitanda kimoja naye, ila kumuuliza hakumuuliza, kwa sababu aliliogopa jibu.

Tangu tangazo lile Emelyne aliacha kula. Siku ya tatu alisema, bila kumtazama mama yake, "Huwa kinaniita mchana ukienda dukani. Kinasema Jumapili."

"Kinasema nini kingine?"

"Kinaniuliza kama naijua njia ya Karema." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, waache tu waseme. Labda kweli nastahili."

Hapo Capitoline alikasirika kuliko alivyowahi kukasirika maishani. Alikuwa amefanya hesabu yake. Akizima runinga yake, kuna runinga ngapi Nsemulwa? Kisa kitatazamwa nyumba hadi nyumba, na kila mtu atasema lile neno akiwa kwake, amekaa, mlango umefungwa, ambako yeye hawezi kumjibu. "Kama ni kumsema mwanangu," alisema akikielekea kigoda, "watamsemea hapa, mbele yangu. Na wewe uwepo. Usikose."

Pembeni harufu ya mkaa iliongezeka.

Jumapili aliita watu wengi kuliko siku zote. Alifungua milango yote miwili, akavua mapazia, jua la saa kumi likaingia mpaka chini ya meza. Waliokosa nafasi walikaa barazani. Amosi alikuja na uziwi wake, Scolastica na ububu wake, kitambaa shingoni. Emelyne alikaa kiti cha mbele, ameshikilia kingo zake kwa mikono miwili. Kigoda Capitoline alikitoa pembeni akakiweka katikati ya watu, na hakuna aliyethubutu kukikalia.

Walitazama. Msichana aliacha mtoto, mtoto akafa, msichana akaingia ziwani, maji yakafunga juu ya kichwa chake, yakatulia. Capitoline akazima.

Ile harufu ya mkaa uliolowa ikapanda kutoka kwenye kigoda ikawaingia watu puani na kooni, na wote waliokuwa mle ndani wakaanza kugeuza shingo kumwelekea Emelyne, kidogo kidogo, pamoja, hata wale wa barazani ambao hawakuweza kumwona, na midomo yao ikaanza kulegea na kufunguka kulipokea neno kabla halijasemwa, na Emelyne akainuka nusu, macho yake yakiangalia mlango unaotazama barabara ya kwenda Karema.

"Kastahili," kikasema kigoda.

Capitoline aligonga fimbo ya baba yake chini. Sakafu ya saruji ikalia, watu wakashtuka, midomo ikafumba.

"Aliyesema asimame."

Akawatazama mmoja mmoja.

"Nyie wote mnanijua, na mimi nawajua nyie. Aliyesema simjui. Asimame tumwone. Ataje jina lake na jina la baba yake, halafu amwambie mwanangu usoni anachostahili."

Mto wa kigoda uliinuka kidogo, ukabonyea tena.

"Mimi ni mtazamaji tu," ilisema ile sauti, na kwa mara ya kwanza haikuwa imeshiba.

Capitoline aliogopa, lakini fimbo hakuiachia. "Hapa hakuna mtazamaji tu," alisema. "Nilikosea mimi, nilifundisha watu kuhukumu wamekaa. Leo basi. Anayelaumiwa anasikilizwa kwanza. Emelyne, sema. Miezi yote hii sikukuuliza, na hilo ni kosa langu, si lako. Siku ile ulikwenda wapi?"

Emelyne alisimama. Mwanzoni alisema na sakafu.

"Alianza degedege asubuhi. Wewe ulikuwa umepeleka sare shuleni. Simu haikuwa na chaji. Nikakimbilia barabarani kutafuta bodaboda wa kutupeleka hospitali."

"Kwa nini hukumbeba?" aliuliza Gaspar, kwa upole.

"Mvua ilikuwa kubwa, katekista. Alikuwa anachemka. Niliogopa kumlowesha." Akanyanyua uso. "Wa kwanza alikataa, barabara imejaa maji. Wa pili nikapanda naye tukarudi kumchukua. Nilipoingia nikamkuta kapoa. Nilimfunika, nikasubiri mama. Hakuna aliyeniuliza."

Kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa amemwona Emelyne juu ya ile bodaboda, akaipeleka habari hiyo nyumba kwa nyumba na viungo vyake vyote. Mtu huyo akainuka sasa, kitambaa shingoni, mdomo ukihangaika. Kikatoka kikohozi. Kikatoka kitu kama msumari ukichomolewa kwenye ubao. Kisha yakatoka maneno.

"Mimi Scolastica, binti wa Ladislas," alisema, machozi yakimtiririka. "Nilimwona kwenye mvua analia. Nikasema alikuwa anacheka. Emelyne, mwanangu, hukustahili."

Kigoda kililia miguu yake yote mitatu.

"Mimi Gaspar wa Melkiadi. Hakustahili."

Mmoja mmoja wakasimama, wa ndani na wa barazani, kila mtu na jina lake na la baba yake, na kila aliyesimama alimtazama Emelyne kabla ya kusema. Amosi, asiyesikia kitu, aliona watu wanainuka na kulia, akadhani ni zamu ya kuungama. Akasimama naye, akasema kwa ile sauti kubwa ya viziwi, "Mimi Amosi wa Evarist. Mpaka wa Ilembo niliusogeza. Hatua saba."

Wengine wangecheka siku nyingine. Kigoda kiliruka, kikapinduka na kubingirika hadi mlangoni, na upepo wenye majivu ukapita katikati ya miguu ya watu ukatoka nje kwenye jua.

"Nani kaangusha kiti?" aliuliza Amosi, akageuka. Alikuwa amesikia.

Jioni ile Emelyne alikula ugali na dagaa, akaomba aongezwe. Mama yake alikaa kumtazama akila, akalia bila kujificha.

Gaspar alishauri kigoda kichomwe, na watu wote walijua ni ushauri mzuri. Capitoline alikataa, akasema hata hicho bado hakijasikilizwa. Jumapili iliyofuata alikirudisha katikati ya sebule, akakiwekea mto wake, akawasha runinga kama kawaida. Kisa kilikuwa cha mzee aliyezika mtu asiyekufa. Kilipoisha akazima, akasema, "Haya, maoni," na watu wakaanza kusimama mmoja mmoja kujitaja, Scolastica akiwa wa kwanza, maana alikuwa na maneno ya wiki nzima kifuani.

Alipomaliza wa tisa, ilikuja harufu ya mkaa uliolowa, hafifu. Mto wa kigoda ukabonyea. Miguu ya kigoda ikalia taratibu, ule mlio wa mtu mzito anayejaribu kunyanyuka, ikanyamaza, ikalia tena.

Watu walimtazama Capitoline. Akachukua ungo wa karanga, akauweka mapajani, fimbo ikiwa imeegemea bega lake.

"Jaribu tena," alikiambia. "Tuna muda."