Kitanzi Kilichoshuka

Jumapili ile mchana watoto walikuwa kwa shangazi yao. Mshonaji alifunika cherehani yake, akaoga, akaingia chumbani alimokuwa mumewe. Mume alikuwa mchomelea vyuma, mtu wa maneno machache. Nyumba ilikuwa kimya. Bahati kama hiyo haikuwa ya kila siku.

Katikati ya mapenzi, ghafla mume akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mama yangu! Nimechomwa!"

"Na nini tena?"

"Mimi nitajuaje? Huko ndani umesahau sindano?"

Mke alitaka kucheka, lakini uso wa mumewe ulimkatisha. Kisha akakumbuka: kitanzi cha uzazi wa mpango! Alikuwa amewekewa kliniki baada ya kujifungua mtoto wa tatu, ili apumzike kuzaa.

"Kitoe," mume alisema. "Kule karakana wanasema hicho kitu hupanda mpaka moyoni. Ngoja nilete koleo, tukivute."

"Koleo!" Mke alivuta shuka mpaka kidevuni. "Una wazimu, baba watoto? Mimi ni geti la chuma?"

Kesho yake walikwenda kliniki, wote wawili. Muuguzi, mama wa makamo, aliwasikiliza bila kuwacheka.

"Mmefanya vizuri kutokivuta. Kitanzi hutolewa na mhudumu wa afya. Wala hakipandi moyoni, mahali pake ni ndani ya kizazi. Nyuzi zake tu ndizo hutokeza kidogo mlangoni. Zikimsumbua mume, tunazipunguza. Haya baba, ulichogusa kilikuwa laini kama uzi?"

"Kigumu," mume alijibu, macho sakafuni. "Kama ncha ya waya."

Muuguzi akaacha kutabasamu. "Na wewe dada, huwa unaumia?"

Mke alishtuka. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo.

"Wiki hizi chache, ndiyo. Nikadhani ndivyo kilivyo."

Mume akageuka. "Mbona hukuniambia?"

"Kikikaa sawa hakiumizi," muuguzi alisema. "Panda kitandani nikupime."

Alipomaliza, alinawa mikono, akasema polepole: "Kitanzi kimeshuka, dada. Nusu yake iko nje ya kizazi. Hakikukingi tena."

Mke aliinuka kitandani. "Kwa hiyo naweza kuwa na mimba?"

Mume aliketi bila kuambiwa. Kitinda mimba wao alikuwa bado anatambaa.

Kipimo cha mkojo kilionyesha hakuna mimba. Tena hedhi ilikuwa imeisha juzi tu. Muuguzi alikitoa kitanzi kile, akamwekea kipya.

"Kushuka huwapata wachache, hasa miezi ya mwanzo," alieleza. "Kila hedhi ikiisha, nawa mikono, uzipapase nyuzi. Ukizikosa, zikirefuka, ukigusa kitu kigumu au ukiumia, njoo upimwe. Kabla hujapimwa, tumieni kondomu. Na mwambiane!"

Wiki zikapita. Muuguzi alimpima tena, akakuta kila kitu mahali pake. Jioni moja mume alimsogelea, kisha akasita katikati ya mapenzi. Mke akashika pumzi. Balaa gani tena?

"Unaumia?" mume aliuliza.

Mke akamtazama. Miaka yote ya ndoa, hilo neno hakuwahi kulisikia kinywani mwa mumewe.

"Siumii," alisema hatimaye. "Ila taratibu kidogo."

Naye akaenda taratibu.