Kaseti ya Bibi Eliza

Damari alikuwa anapepeta mtama uani, kijijini karibu na Ikungi. Binti yake Witness akaingia mbio kutoka shule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Leo Mwalimu Febronia katufundisha watu weusi waliobadilisha historia! Mandela, Mwalimu Nyerere, Miriam Makeba. Na Bibi Titi, mama. Kumbe alikuwa mwimbaji wa ngoma kabla ya siasa! Ijumaa kila mtu alete habari za mtu maarufu wa kwao. Mimi nitampeleka bibi Eliza."

Ungo ukasimama mikononi mwa Damari.

Zamani hizo, nani hakuwahi kumsikia Eliza? Mama yake Damari aliimba minadani, vijiji vyote vile, akiwakataza wazazi kuwaoza mabinti walio darasani. Wazee walimnunia. Wengine walimtukana hadharani. Yeye anaimba tu! Sasa ni miaka ishirini tangu afariki.

"Wenzangu wanasema hawamjui," alisema Witness. "Nikawaambia tuna kaseti yake."

"Tunayo." Damari aliweka ungo chini. "Mwanangu, nikwambie kweli. Sura ya mama naiona mpaka leo. Sauti imenitoka. Naitafuta kichwani, siipati."

Kaseti ilikuwa hiyo moja tu duniani. Redio yao ilikufa siku nyingi. Damari aliificha pale anapoficha vitu vya thamani: kwenye kichanja juu ya mafiga, pamoja na mbegu za uwele. Moshi hufukuza wadudu, na mbegu zake hazijawahi kutobolewa hata punje moja.

Alipoishusha, lo! Ilikuwa nyeusi tii. Imepinda, inanata.

Kesho yake wakaenda kwa Fundi Gerald, mtengeneza redio pale Ikungi.

"Fundi, iweke redioni nisikie," Damari alimwomba.

Gerald akaipokea kaseti, akaificha nyuma ya mgongo wake. "Thubutu! Mama Witness, redio itautafuna utepe wote. Ilikuwa wapi hii?"

"Juu ya moto. Na mbegu."

"Mbegu na kaseti wapi na wapi! Mbegu zinafaidi moshi. Kaseti inaharibiwa na moshi, joto, vumbi, hata sumaku ya spika. Inataka mahali pakavu, pasipo joto, ndani ya kasha lake."

Machozi yakamtoka Damari. "Basi nimemzika mama mara ya pili."

"Usiseme hivyo, dada yangu. Ulitunza kwa ulivyojua. Kaa hapo."

Gerald akafungua kaseti, akauhamisha utepe kwenye ganda jipya, taratibu kabisa. Akasafisha redio kwa pamba na spiriti. Kisha akaunganisha waya kwenye kompyuta.

"Tunaicheza mara moja tu, na hapo hapo tunarekodi," alieleza. "Halafu nakala tatu: simu yako, memori kadi, na shuleni. Moja ikipotea, nyingine zipo. Na kila nakala mwandike nani anaimba, wapi, mwaka gani. Sauti isiyo na jina wajukuu wataifuta."

Upande wa kwanza ulitoa mikwaruzo mitupu. Damari alikaa ameshika tama. Gerald akageuza upande wa pili.

Sauti nzito ikatoka, ya mwanamke, kwa Kinyaturu. Damari akasimama bila kujua kama amesimama.

"Ndiye," alisema. "Jamani, ndiye!"

Ulipokwisha wimbo, aliuliza kuhusu upande wa kwanza.

"Umeungua, sikudanganyi," alisema Gerald. "Maneno unayakumbuka?"

"Mengi."

"Basi imba wewe, turekodi. Ukisubiri, nayo yatapotea."

"Ijumaa nitauimba shuleni, Witness atarekodi," alisema Damari.

Kabla ya Ijumaa, majirani watatu walikuwa wameshusha kaseti zao vichanjani na kuzipeleka kwa Gerald.

Ijumaa Witness alicheza sauti ya bibi yake darasani. Kisha Damari akasimama kuimba ule wimbo ulioungua, Witness ameshika simu anarekodi. Ubeti wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili pia. Wa mwisho ukamkwama. Akajaribu tena, wapi! Aibu ikamshika.

Hapo Mwalimu Febronia, kutoka nyuma ya darasa, akaudaka ubeti ule na kuuimba mpaka mwisho. Nywele zake zilikuwa na mvi.

"Mwalimu, umeujulia wapi?" Damari aliuliza.

"Mnadani, kijiji cha Mkiwa. Nilikuwa darasa la sita, mahari yangu imeshapokelewa. Baba alisikia mama mmoja akiimba hivyo, akarudisha ng'ombe wa watu. Nikabaki shule." Akafuta macho kwa kiganja. "Jina la yule mama sikulijua mpaka leo."

Damari akamwendea, akamshika mikono yote miwili.

"Mwalimu, tukae," alisema. "Niambie siku hiyo alikuwa amevaa nini."