Kiberiti cha Fundi Rangi

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi rangi, na yeye si mtu wa kuogopa kivuli chake.

Mchana kweupe alikwenda kuchukua petroli ya kuoshea brashi kwenye stoo ya nyuma pale kazini kwake, ile ambayo mlinzi wake aliichoma moto makusudi, akafia humohumo. Tangu hapo ni mwiko kuingia na kiberiti. Basi mlangoni fundi akamkabidhi shemeji yake, waliyefuatana, kiberiti chake pamoja na sigara.

"Na sigara zangu usiziguse," akamtania.

Alipoingia tu, mlango ukajifunga. Stoo haina dirisha, giza totoro. Akavuta, wapi!

"Shemeji, acha utani, fungua!"

"Nifungue nini? Si umejifungia komeo mwenyewe huko ndani!"

Fundi akapapasa komeo. Limekaza, halisogei. Ndipo akasikia kitu kikimiminwa sakafuni polepole, kama na mtu asiye na haraka. Harufu ya petroli ikajaa stoo nzima. Kisha, karibu kabisa na sikio lake, njiti ikakwaruzwa. Haikuwaka. Ikakwaruzwa nyingine. Na nyingine. Akajibana ukutani, pumzi kaishika, akiomba isiwake hata moja.

Shemeji, alipoona hafungui, akauvunja mlango kwa bega. Mwanga ukaingia: sakafu kavu, na ndani hamna mtu.

Walipofika barabarani, fundi akanyoosha mkono. "Lete kiberiti nivute, roho itulie."

"Hiki hapa. Hakijatoka mkononi mwangu."

Fundi akakifungua. Njiti zote zilikuwamo, vichwa vimekwaruzwa vikaisha, nazo zimelowa petroli.