Mastura na Kamera Kubwa

Kila alasiri akitoka chuo cha Kurani, Mastura alipitia studio ya mjomba wake, Athman, mjini Malindi. Alifagia, akanyoosha pazia la kupigia picha, kisha akaketi kuwatazama wateja wakikatazwa kutikisika. Kwa kutazama tu alijiona fundi, na shuleni aliwachosha wenzake kwa habari za kamera. Basi likizo ya Agosti 1986 ilipokaribia, darasa la saba likapangiwa matembezi kwenye makorongo ya Marafa, Mwalimu Randu akamteua yeye kuwa mpiga picha.

Mjomba aliweka kamera mbili mezani. "Chukua hii ndogo, mwanangu. Ni nyepesi, na filamu yake watumbukiza tu, basi. Huko kuna kupanda na kushuka."

Mastura aliiona kama ya kuchezea watoto. Akaonyesha ile kubwa, yenye lenzi ndefu na mkoba wa ngozi. "Naitaka hiyo."

"Na filamu yake wajua kuitia?"

"Najua, mjomba."

Hakujua. Aliiona ikitiwa mara nyingi, lakini mikono yake haikuwahi kuigusa. Mjomba angemwonyesha kwa dakika moja tu, ila yeye aliona haya kuuliza.

Huko Marafa mkoba ulimpiga mbavuni kila hatua, lakini wenzake walimfuata kama bibi harusi. Aliipachika filamu kwa kubahatisha, akafunga, akaanza kupiga. Mchana, rafiki yake Kadzo akawapeleka kwa bibi yake, Hawe Kahonzi, yaani Bibi Kahonzi kwa Kigiriama, aliyekaa karibu na korongo. Maishani mwake bibi huyo hakuwahi kupigwa picha. Aliingia ndani, akakawia, akatoka amevaa hando, ile sketi ya marinda ya Kigiriama, na shanga zake zote.

Mastura akatazama hesabu ya picha. Filamu ilikuwa ya picha thelathini na sita, naye alikwishazipita, na bado ilivutika laini badala ya kukwama. Kuna kitu kimeharibika! Lakini darasa zima lilikuwa likimtazama. Akafumba jicho moja, akabonyeza.

"Tayari, hawe! Umetoka vizuri."

"Asante, mwanangu. Sasa hata nikifa, vitukuu wangu watanijua."

Kesho yake mjomba alifungua kamera, akakuta filamu nzima ingali ndani ya mkebe wake. Haikushika kwenye meno ya kuivutia, wala haikusogea hata kidogo.

"Mjomba, tuseme umeiunguza wewe kwa mwanga ulipokuwa ukiisafisha," Mastura alisihi. "Wewe hawatakucheka."

"Miaka kumi na miwili sijaunguza filamu ya mtu. Wataka nianze leo?"

Uso ulimwiva kwa aibu. Jumatatu alisimama mbele ya darasa akasema kweli. Wengine walicheka. Kadzo hakucheka. "Na ulimwambia hawe ametoka vizuri," alisema, akageukia dirishani. Mastura alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumamosi mjomba alimpeleka Marafa. Mastura alipiga magoti mbele ya Hawe Kahonzi.

"Shikamoo, hawe. Picha yako haikutoka. Sikujua kuitia filamu."

"Marahaba. Na wakati ule uliponipiga, ulijua haitoki?"

Machozi yalimlengalenga. "Nilishuku, hawe."

"Ungeniambia siku ile, ningevua shanga zangu nikangoja siku nyingine. Kungoja nimekuzoea. Lakini nilijinyoosha mbele ya watoto wote, kumbe nachezewa! Hilo ndilo lililoniuma." Akamwinua. "Sikiliza, mwanangu. Usipojua, sema hujui. Aibu yake ni ya siku moja. Ukidanganya ili uonekane wajua, unawatia na wenzako katika aibu yako."

"Nisamehe, hawe."

"Nimekusamehe. Mwache mjomba wako apige. Wewe njoo usimame hapa nami."

Picha hiyo ilitoka. Hawe Kahonzi amejinyoosha, anacheka. Pembeni yake yupo msichana aliyeshikwa mkono, anatazama chini.