Kitanda Kinachosikiliza Moyo

Kitanda kilikuwa kinalipa. Kila Shija alipovuta pumzi, taa ya kijani iliwaka ubavuni mwa kitanda, na bima ya taifa ikalipia hewa na dawa papo hapo, bila karani, bila mhuri, bila foleni ya dirishani. Dodoma nzima ilikiita kitandalipa. Kilisikiliza mapigo ya moyo kupitia godoro, na kikisikia mgonjwa amepona, kilifunga malipo.

Bi Nyamizi, bibi yake Shija, alikitazama kwa fahari. Kanuni yake aliiandika yeye mwenyewe, enzi zake akiwa mkuu wa sera za malipo wizarani: kitanda kimoja, mgonjwa mmoja.

"Mama, analia mno," alisema binti yake, Mbuke. "Nipande nimkumbatie?"

"Panda, mwanangu. Mtoto wa nimonia anataka kifua cha mama."

Ndivyo alivyouguzwa yeye mwenyewe utotoni. Alikumbuka wodi za zamani, akina mama wawili wawili kitandani na watoto wao, harufu ya uji na sabuni ya kipande, manesi wakifoka, "Nyie, mtatuvunjia vitanda!" kisha haohao wakileta shuka la pili. Alipona surua akiwa ndani ya khanga ya mama yake, sikio kifuani. Raha iliyoje!

Mbuke akapanda, akamkumbatia mwanawe. Kilio kikakoma.

Taa nayo ikazimika. "Moyo una nguvu. Mgonjwa amepona. Hongereni," kilisema kitanda, na mrija wa hewa ukanyamaza.

"Amepona wapi? Sista! Midomo inageuka rangi!" Mbuke alipiga kelele.

Nesi Kabula alikuja mbio. "Shuka, dada! Kinasikia moyo wako wewe."

"Si ukiambie tuko wawili?"

"Nikiambie nini? Waliokitengeneza hiki, sijui waliuguzwa na nani."

Mbuke akashuka. Hewa ikarudi, na kilio kikarudi nayo, Shija akinyoosha mikono huku kikohozi kikimkaba.

Bi Nyamizi alikuwa keshapiga simu wizarani.

"Kanuni hubadilishwa na bodi, mama, mwenyewe unajua," alijibu kwa adabu kijana aliyemrithi. "Watakaa mwezi ujao."

Bi Nyamizi akakata simu. Mbuke alikuwa bado kasimama, mikono kaikunja kifuani kama aliyeshikwa na baridi.

"Mama, nitoke nje au nikae hapa?"

"Kaa hapo anapokuona," alisema Bi Nyamizi. "Ila usimguse."