Haipatikani Katika Nchi Yako

"Samahani dada, wewe si yule aliyekufa?"

Joyceline aligeuka. Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ulikuwa umefurika watu wanaonunua nguo za Krismasi, wabeba mizigo wakipiga miluzi wapishwe. Kwenye mlango wa duka la DVD alisimama kijana wa Kihindi, shati la bluu limenyooka kwa pasi, amemkazia macho.

"Nife mimi? Nimekukosea nini, kaka?"

"Kwenye filamu. Ulikuwa hausigeli. Ulikufa mapema mno." Akachomoa kasha rafuni. Nyuma ya sura za mastaa, nusu ya uso wake ilionekana. "Mimi na mama yangu tulilia sana."

"Mlinililia mimi?"

"Tulilia kwa sababu waliobaki hawakujua kuigiza."

Joyceline alicheka mpaka mkoba ukamponyoka. Kijana yule, Dhruv, aliinama kuuokota, na alipoinuka alimwona vizuri: gauni la kitenge cha njano, nywele fupi, vishimo viwili mashavuni. Siku hiyo hakuuza tena kitu cha maana.

Baba yake, mzee Chandu, alilifungua duka lile biashara zilipoachiwa huru, akianza na kanda za video. Zikaja DVD. Sasa watu walitazama kila kitu kwenye simu, na Dhruv alishinda akipangusa vumbi kwenye makasha. Joyceline ndiye aliyempa sababu ya kufungua mapema.

"Umekula, mpenzi?" alimuuliza kwenye simu kila mchana.

"Nimekula dengu."

"Kila siku dengu! Ndiyo maana hunenepi."

"Njoo uninenepeshe basi."

"Nikija nitakaa, sitoki."

"Nani kakwambia nataka utoke?"

Mtu mmoja hakucheka nao. Mama yake Joyceline, mjane wa Rombo, aliuza mchele wa jumla Kariakoo mpaka kiharusi kilipomlaza nyumbani kwake Magomeni. Dhruv alipokwenda kumsalimu na kusema "Shikamoo, mama," aliitikia "Marahaba" huku anatazama ukuta. Alipoondoka, mama alisema, "Hao huoana wenyewe kwa wenyewe. Wewe atakuchezea tu."

Mwaka uliofuata Joyceline akapata bahati. Alichaguliwa kuwa mhusika mkuu wa filamu iliyopigwa kwenye soko la samaki la Feri, yeye akiwa mkaanga samaki. Kampuni ya nje ikainunua na kuiweka mtandaoni. Mama yake, ambaye hakuwa akiomba kitu, akaomba kimoja: "Nataka nikuone mwanangu kabla sijafumba macho."

Joyceline akanunua bando, akaketi kitandani kwa mama, akafungua. Kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakatokea: filamu hii haipatikani katika nchi yako.

"Si ni pale Feri?" mama aliuliza. "Nchi ipi tena?"

"Wameiuza kwa maeneo, mama. Zamu yetu bado."

Dhruv alipoona machozi ya Joyceline, akampigia kaka yake Dhaval aliyekuwa London. Dhaval akainunua, akaipakua kwenye tableti, na alipokuja likizo akaibeba. Walipoiwasha Dar, maandishi yakawa yale yale. Ilikuwa imelipiwa, imo mkononi, na haifunguki.

"Lakini kule wanaiuza na kwenye DVD," alisema Dhaval. Aliporudi London akatuma diski halisi. Deki ya mama nayo ikaikataa: eneo si sahihi. Hapo Dhruv akatoa dukani kwake deki ya bei poa ya Kichina.

"Hii haijui mipaka," alisema. "Inasoma diski ya nchi yoyote."

Na kweli ikasoma. Mama alitazama, upande mzima wa uso ukitabasamu, machozi yakitoka macho yote mawili. Ilipokwisha akataka irudiwe.

"Ibaki kwako, mama," Dhruv alisema.

Wiki chache baadaye Joyceline alikuwa akipita Kariakoo akaona uso wake umetandazwa chini kwenye turubai, nakala kwa nakala. Kabla hajapumua, simu ikaita. Alikuwa mwongozaji.

"Filamu imevuja huko Dar. Nakala imetoka kwenye diski. Kampuni imeniuliza nani kwenu alikuwa nayo. Jukumu la filamu ya pili wamempa mwingine, Joyce."

Akakimbilia nyumbani. "Mama, diski iko wapi?"

"Alikuja kuichukua mwenyewe, huyo Mhindi wako."

Joyceline hakuuliza la pili. Akarudi Kariakoo, dukani kwa Dhruv, akiwa na watu wa kampuni waliokuwa wakisaka wezi wa filamu. Alimkuta amevaa shati jeupe jipya, amechana nywele kwa maji.

"Afadhali umekuja," alisema kwa furaha. "Nilikuwa nataka..."

"Umeniuza kwa bei gani?"

"Joyce, diski iko kwa mama yako."

Akampiga kofi. "Usimtaje mama yangu! Mgonjwa yule!" Kisha akawageukia wale watu. "Ni huyu."

Wakayamwaga makasha barabarani, na kanda za mzee Chandu zilizotunzwa juu ya kabati. Wakakanyaga. Watu walisimama kutazama, wengine wakirekodi. Dhruv hakupigana. Alimtazama Joyceline tu, shavu limemwiva, mpaka yeye akageuka na kuondoka.

Miezi ikapita. Asubuhi moja jirani yao, Tatu, aliingia na kifurushi alichokifunga kwenye khanga.

"Mwanangu, nisamehe kuchelewa. Mama yako alituazima diski hii. Mpwa wangu akaitoa nakala moja ya nyumbani, mwenzake akaiiba. Nimeona haya kuileta."

Joyceline aliifungua khanga. Akamtazama mama yake.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Walipovunja duka lake, ulijua?"

"Nilijua, nikanyamaza. Nilisema Mungu amenisaidia. Afadhali uumie sasa kuliko baadaye."

Alifika Kariakoo anatweta. Kwenye rafu kulikuwa na makava ya simu. Dhruv alikuwa nyuma ya meza, amekonda.

"Haikuwa wewe," Joyceline alisema.

"Nilikwambia."

"Nisamehe. Nakuomba, mpenzi wangu."

"Nimeshakusamehe." Alisema taratibu, bila kisirani. "Siku ile uliyokuja nao, nilikuwa nimelala humu dukani. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimwambia baba nitakuoa wewe, akanifukuza nyumbani. Nilivaa vizuri nije kwenu jioni kukuposa."

Joyceline akashika meza. "Tuanze upya basi. Dhruv, tuanze leo."

"Baba amenirudisha nyumbani kwa sharti. Anaitwa Bhoomi. Ndoa ni mwezi ujao."

"Unampenda?"

"Hajanipiga kofi mbele za watu." Mteja akaingia akiulizia kava. Dhruv akamgeukia. "Karibu, dada. Simu gani?"

Joyceline alirudi Magomeni. Alipika uji, akaupoza, akaketi kando ya kitanda. Mama alimchungulia uso.

"Amesemaje?"

Joyceline akachota uji, akakisogeza kijiko mpaka kwenye midomo ya mama.

"Fungua mdomo, mama."